Gramu za Nuhu Mdogo

Idriss Nuhu,
Nyuma ya soko la Birere,
Goma.
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa Yaya Alima,

Tangazo. Watu wote wa Ujiji, wakubwa kwa wadogo, mnaarifiwa kwamba mimi Idriss Nuhu, fundi cherehani wa Birere, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu na uzito wa kilo tisini na sita, nimeshona kofia ndogo kuliko kofia zote zilizowahi kushonwa katika mji huu. Niliijaribu juu ya chungwa kubwa la Beni, ikalitosha, na chungwa likapendeza. Mafundi wenzangu walikuja kuitazama. Mmoja akaniuliza kama siku hizi nawavalisha panya. Tangazo limekwisha.

Sasa salamu, maana nakuona tayari umekunja uso na kusema mtoto huyu hakufundwa. Assalaam alaikum warahmatullah, Yaya wangu, dada yangu mkubwa. Hujambo? Goti lako la kushoto linaendeleaje na mvua? Shemeji naye hajambo, au bado kikohozi kinamshika kila unapomtuma dukani? Wajukuu wako wote saba, au wamekwisha kuwa wanane, wazima? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Meno yamebaki ishirini na matano, lakini hayo yaliyobaki yanashirikiana vizuri.

Usishangae mwandiko. Nakuandikia juu ya goti, nikiwa kwenye benchi la hospitali, na benchi lenyewe lina mguu mmoja mfupi kama lile la madrasa ya utotoni.

Huku mvua imeanza. Lile vumbi letu jeusi la mlimani sasa ni tope jeusi, na wateja wanaingia dukani na miguu kama waliochovywa kwenye lami. Kazi ipo kidogo kidogo: viraka, zipu, sare ya shule ya kaka ya kupunguzwa imtoshe mdogo. Nyumbani ni kimya. Tangu marehemu mke wangu Asha aondoke, na huu ni mwaka wa tatu, napika sombe, kisamvu chenu, ya mtu mmoja na kila mara inatoka ya watu wanne. Nakula nimesimama, kama mtu anayengoja gari. Nimegundua kwamba ninazungumza na cherehani. Siku itakayonijibu nitahamia kwako.

Utauliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Kweli ipo, na mara nne umenipigia, na mara nne nimekuambia mtandao mbaya nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri, Yaya. Mimi ndiye nilikuwa mbaya. Kwenye simu unanisikia ninavyopumua na papo hapo unajua nina jambo. Karatasi haina masikio. Nsabimana, yule dereva wa lori anayepita Rwanda hadi Kigoma, ataichukua kesho asubuhi. Mpe chai, na umwangalie asiondoke na kijiko.

Basi nianze na mjukuu wangu Nuhu. Habari za kuzaliwa kwake ulizipata vipande vipande, na vipande vingine nilivikata mwenyewe, kwa hiyo nakushonea upya.

Binti yangu Jamila alikuwa na mimba ya wiki ishirini na tisa presha ilipompanda. Miguu ilimvimba hadi kandambili zikamkataa. Tulimpandisha kwenye teksi mpaka hospitali ya huku juu, upande wa Munigi, na madaktari hawakungoja: walimpasua siku ileile, Ijumaa ya tarehe tatu Oktoba. Mtoto alitoka na gramu elfu moja mia moja na hamsini. Nimewahi kununua pakiti ya vifungo iliyomzidi uzito. Urefu, sentimita thelathini na saba. Kichwa, ishirini na sita na nusu. Ngozi yake ilikuwa kama ile ya ndani ya kitunguu, unaona kila mshipa umepita wapi.

Baba yake, mkwe wangu Nasoro, alikwenda Kisangani mwezi wa sita kutafuta kazi ya udereva. Ndege hazitui tena hapa, na kurudi kwake kungekuwa kuzunguka mpaka Uganda kwa nauli ambayo hana. Alimpa mwanawe jina kwa simu: Nuhu, jina la baba yetu. Nilipomwona amelazwa ndani ya kuvezi, lile sanduku la kioo lenye joto, nikamwambia Jamila, tazama, Nuhu amepata safina yake. Akacheka huku ameshika mshono. Hakucheka tena kwa muda mrefu baada ya hapo.

Siku ya tisa wakasema mtoto awe anatoka safinani, akae kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi, amefungwa na kikwembe, yaani kitenge. Wanasema inampa joto, inamkumbusha kupumua, na inamwongezea uzito kuliko kukaa peke yake. Jamila akachukua asubuhi. Lakini alikuwa dhaifu, presha inapanda na kushuka, akikaa saa tatu macho yanamzunguka. Mchana ulihitaji mtu mwingine. Muuguzi mkuu, Mama Nyiramahirwe, mwanamke wa Rutshuru mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe mnadani, akaniangalia pale nilipokaa.

“Muzee, vua shati.”

“Mimi ni babu yake, Mama.”

“Babu hana kifua? Enda uoge na sabuni, kisha ukuje. Suruali bakia nayo.”

Yaya, niliingia chumba chenye wanawake sita, kila mmoja na mtoto wake kifuani, na mimi na tumbo langu hili unalolijua. Kulikuwa na mama mmoja wa Masisi, Nyirarukundo, mwenye mapacha. Aliniangalia toka juu hadi chini.

“Muone! Papa Fundi amekuja na matela yake mwenyewe!”

“Acha,” mwingine akasema, “ule mutoto atalala pazuri kutupita siye wote.”

Nikawaambia godoro hili la tumbo nimelilea miaka thelathini bila kujua kazi yake, na leo nimeijua. Wakacheka mpaka Mama Nyiramahirwe akaja kutugombeza kwamba tunawatikisa watoto.

Kisha wakaniwekea Nuhu. Sijui nikuelezeje. Uzito wake ni kama kitambaa cha kunawia uso kikiwa kimelowa. Akipumua, unahisi kama mtu anavuta uzi taratibu juu ya kifua chako. Mara uzi unasimama, nawe unasimama. Unamgusa unyayo, uzi unaendelea. Kutoka saa nane hadi saa kumi na mbili, kila siku, mimi ndiye nilikuwa nyumba yake. Duka nilifunga. Wateja walinitukana kwa lugha tano. Miaka mitatu, Yaya, hakuna kiumbe aliyeniegemea, hata paka, na sasa huyu alinilalia kana kwamba mimi ni mtu wa kutegemewa.

Uzito wanampima kila asubuhi, na Jumamosi wanampima kichwa na urefu. Mimi mwenye kazi ya vipimo nikajitolea kusaidia, nikavua utepe wangu shingoni.

“Hiyo metre yako imepima viuno vya Birere nzima,” Mama Nyiramahirwe akaniambia. “Hapa haimuguse mutu.”

Basi nikawa natazama tu na kuandika kwenye daftari la wateja. Nuhu yumo kati ya mama mmoja wa kanzu ya buluu na Pasta Jephté wa suti ya kijivu. Kiuno: hana.

Alishuka kwanza hadi elfu moja na sitini, wakatuambia ni kawaida, wote wanashuka. Siku ya kumi na mbili alikuwa amerudi pale alipoanzia. Siku ya kumi na nne alikuwa elfu moja mia moja na themanini. Mpira mwembamba unaompitia puani hadi tumboni ulikuwa ukimpa maziwa ya mama yake, mililita kwa mililita, naye akiyapokea yote. Nilikwenda msikitini nikiwa natembea kama mtu aliyemzaa mwenyewe.

Jumapili, tarehe kumi na tisa, akaacha kukua.

Asubuhi ile tumbo lake lilikuwa limevimba na linang'aa kama puto. Maziwa yalirudi kwenye mpira yakiwa ya kijani. Alisahau kupumua mara tatu ndani ya saa moja. Wakamrudisha kwenye kuvezi, mimi na Jamila tukabaki ukutani kama nguo zilizotundikwa. Daktari wake anaitwa Dokta Nishimwe, binti kijana kiasi kwamba siku ya kwanza nilimwita mwanangu, akanitazama, nikamwita Dokta. Alitugeukia.

“Kuna mutu amemupatia kitu na kinywa? Maji, dawa ya kienyeji, chochote?”

“Hapana,” Jamila akasema.

“Hapana,” nikasema mimi.

Wakachukua damu, tone tu, maana hana ya kugawa. Majibu yakaja kwamba kipimo cha moto wa mwili kimepanda sana. Dokta akauita inflamasyo. Nikamwambia mimi moto ninaoujua ni wa pasi. Akakaa kando yangu kwenye benchi hili hili.

“Muzee, tuseme uko na kitambaa cha shati moja tu. Na duka inashika moto. Utashona shati ao utachukua kitambaa uzimishe moto?”

“Nitazima moto.”

“Njo vile. Huyu mutoto ana kitambaa kidogo sana. Yote inaenda kwa moto. Hata tukimupatia chakula, mwili hausikie kama tunamuambia akue. Mifupa inangojea. Kichwa inangojea.”

“Na moto ukizimika, kitambaa kinarudi?”

“Kingine kinarudi,” akasema. “Kingine hatujui. Njo maana tuko na haraka.”

Walisimamisha maziwa. Wakampa maji ya mshipa na dawa za sindano, na kila siku mbili tone la damu. Siku kumi na tatu, Yaya. Jumamosi ya kwanza kichwa kilikuwa ishirini na saba. Jumamosi ya pili kilikuwa ishirini na saba. Mtu mwingine angesema si mbaya, hakijapungua. Lakini mimi nimeshonea watoto miaka thelathini na najua mtoto asiyebadilika vipimo. Kuna mama hurudi na kitambaa kipya baada ya mwaka, unapima, unakuta namba zilezile, na unanyamaza, na yeye ananyamaza. Uzito ulianguka hadi elfu moja mia moja na ishirini. Wanawake wa kile chumba wakaacha kunitania. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Jamila aliendelea kukamua maziwa kila baada ya saa tatu yasije yakakauka, kisha akayamwaga, maana hakukuwa na wa kuyanywa. Akapata wazo kwamba ni kikombe. Kikombe kile anachokamulia.

“Ni kikombe, Papa. Ile siku sikukichemusha muzuri. Ni mimi nilimuletea.”

“Si wewe, mwanangu.”

“Unajua aje?”

Akawa anachemsha kikombe mara tatu, mara nne, vidole vikapasuka kwa maji ya moto na sabuni. Kisha akasema labda ni samaki aliyekula, akaacha samaki. Kisha akaacha maharage. Kisha ikawa uji tu, nao nusu. Nasoro alipiga kila siku kutoka Kisangani, na Jamila aliyekuwa akiongea na mumewe mpaka salio linakwisha akawa anamjibu neno moja moja.

Namshukuru Mungu, tarehe mosi Novemba moto ulishuka. Dokta Nishimwe alikuja na karatasi ya majibu ameishika juu kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Maziwa yakaanza upya, mililita moja kila mara, kisha mbili. Siku ile alikuwa elfu moja mia moja na themanini, yaani palepale alipokuwa wiki mbili kabla. Jumamosi iliyofuata, elfu moja mia tatu. Jana, elfu moja mia nne na ishirini, na kichwa ishirini na nane na nusu. Kimesogea, Yaya. Kofia niliyoishona ndiyo hiyo, na nimeiachia pindo la kufumua.

Bado ni mfupi na mwembamba kuliko wenzake waliozaliwa naye wiki moja. Dokta anasema watamfuatilia miaka miwili, macho, masikio, urefu, jinsi atakavyokaa na kutembea, na kwamba baadhi ya watoto waliopita kwenye moto kama huu huwafikia wenzao na baadhi hubaki nyuma kidogo. Hakuniahidi kitu. Nilimpenda zaidi kwa hilo.

Nisalimie shemeji na kikohozi chake. Nisalimie wajukuu wote, na hasa yule mdogo aliyeniuliza kwenye simu kama huku kwetu mlima unatema moto kila siku au siku za kazi tu. Msalimie shangazi Zamda kama bado anasikia; kama hasikii, mpungie mkono. Waambie majirani wa Ujiji kwamba Idriss wa cherehani hajawasahau.

Nilikuwa nimefika hapo. Kalamu nimeifunga, karatasi nimeikunja mara mbili. Kisha nimeikunjua, kwa sababu barua yenyewe bado sijaiandika.

Yaya, kilichotokea hasa ni hiki.

Ijumaa ya tarehe kumi na saba Oktoba, siku ya kumi na nne, nilitoka msikitini nikiwa na tende mbili mfukoni. Siku ya saba ya Nuhu ilikuwa imepita bila akika, bila kunyolewa, bila mtu wa kumwonjesha tende. Wazee wa Nasoro wako Kasongo. Kwetu sisi hakuna mtoto aliyekosa. Baba alituonjesha sote kwa mkono wake, na wewe ulikuwepo aliponionjesha mimi, unasema niliitema. Nilimwangalia mtoto yule na mpira puani. Nikafikiri, huyu amekuja duniani wiki mbili nzima na hajaonja kitu. Nikaogopa afe kabla ya kuonja.

Mama Nyiramahirwe alikuwa ameitwa kupokea mtoto mwingine. Wanawake walikuwa wanasinzia. Nuhu alikuwa kifuani kwangu. Niliitafuna tende mpaka ikalainika kabisa, nikachukua kwa ncha ya kidole kidogo, kiasi cha punje ya mtama, nikampaka kwenye kaakaa. Mikono nilikuwa nimenawa. Kinywa changu unakijua.

Akafunga midomo, akaninyonya kidole.

Walikuwa wametuambia mtoto wa umri huo hajui bado kunyonya. Alininyonya mara tatu, mara nne, nguvu ndogo kama ya sindano inaponasa kwenye uzi. Nililia pale, nikajifanya nafuta jasho. Kisha nikachukua tena kidogo, nikampaka tena. Mara ya kwanza nilifanya kwa ajili ya dini na kwa ajili ya Baba, naweza kusimama mbele ya mtu yeyote nikaisema. Mara ya pili haikuwa ya dini wala ya Baba. Nilitaka tu aninyonye tena.

Baada ya siku mbili tumbo likavimba, na Dokta akauliza, na nikasema hapana.

Sikuogopa kufukuzwa na hospitali, wala sikuogopa polisi. Niliogopa kunyang'anywa ile saa nane hadi saa kumi na mbili. Nikajiambia nitasema kesho, akipata nafuu. Alipopata nafuu, nikajiambia ya nini sasa kuwatibua. Wakati huo wote Jamila alikuwa akichemsha kikombe mbele yangu.

Alhamisi iliyopita alimwambia Mama Nyiramahirwe kwamba mtoto apewe maziwa ya kopo, kwa sababu ya kwake ni mabaya, yalimwunguza. Nilisikia nikiwa mlangoni. Nikamfuata Dokta Nishimwe kwenye korido, nikamwambia yote, na mara ya pili pia.

Kisha akasema, “Watoto kama hawa wanashikwa na huu moto hata kama hakuna mutu aliwagusa. Siwezi kukuambia ni wewe, na siwezi kukuambia si wewe. Lakini nilikuuliza, Muzee.”

Nikamwambia kweli, uliniuliza.

“Nilikuuliza,” akarudia. “Sasa umuambie mama yake. Si mimi.”

Nilimwambia Jamila juzi Ijumaa. Alikuwa anakamua. Hakuacha kukamua, aliendelea kutazama kikombe mpaka nilipomaliza.

“Ni siku ngapi?” akaniuliza.

“Ishirini na nane.”

“Na ulikuwa unaniona nachemusha kikombe.”

“Nilikuwa nakuona.”

“Kila siku?”

“Kila siku.”

Akafunika kikombe, akakiweka mezani pole pole kisimwagike. “Toka, Papa,” akasema. Hakupaza sauti. Ningelipa chochote apaze sauti, kama mama yake.

Kwa hiyo, Yaya, ukiona nimekuandikia kutoka kwenye benchi ujue siko mapumzikoni. Jana saa nane nilioga na sabuni, nikaja, nikakaa hapa, na hakuna aliyeniita. Leo vilevile. Nyirarukundo ndiye anamshika Nuhu mchana. Mapacha wake wamekwisha kuwa wakubwa, wanampisha kifuani kwa zamu. Nasikia sauti zao ndani, wanacheka, kisha wanakumbuka niko nje na wanaacha. Mama Nyiramahirwe ameniambia tangu Ijumaa Jamila anakula, jana alimaliza sahani ya maharage, na maziwa yake yamerudi na ndiyo anayopewa mtoto. Hilo peke yake lilikuwa linastahili kusemwa siku ishirini na nane mapema.

Usimpigie Jamila kuniombea. Najua utataka, wewe ndiye uliyekuwa ukiniombea kwa Baba kila nilipovunja kitu, na kwa upole wako ulimfanya anisamehe upesi kuliko nilivyostahili. Hili si la upesi. Wala usiniandikie kwamba lilikuwa jambo la dini na nia ilikuwa njema. Nia ya mara ya kwanza ilikuwa njema.

Nilikuwa naandika mstari huo mlango ukafunguka. Mama Nyiramahirwe ametoka na glavu zake, amesimama mbele yangu.

“Jamila anasema nikuambie. Leo ni elfu moja mia nne na arobaini.”

“Ni yeye amesema uniambie?”

“Ni yeye.”

“Amesema kitu kingine?”

“Hapana. Ni hiyo tu.”

Amerudi ndani na mlango ameufunga. Sasa ni saa kumi na moja kasoro. Nitakaa mpaka saa kumi na mbili.

Mungu akutunze wewe na wote walio chini ya paa lako, Yaya, na mtoto huyu ampe umri mrefu kuliko wetu sote. Uniombee, lakini umtangulize yeye.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Idriss